Umebeba Nini, Mpagazi

Mimi ni Mzaramo wa Kisarawe, na watu wa Igangwe wamenivumilia miaka yote hii kwa sababu hawana namna. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara, wapagazi wao walipokuwa wakipita kwetu na pembe za ndovu mabegani kuelekea pwani. Kwa hiyo nilipoolewa huku Unyamwezini nilijikuta nimepewa mji mzima wa kuuchokoza. Kwenye harusi nanyakua sinia la pilau mbele ya bwana harusi na kuondoka nalo, na hakuna wa kunigusa. Kwenye msiba naingia kaburini kabla ya maiti, najilaza, nasema sitoki mpaka wafiwa wanipe changu, na watu wenye machozi mashavuni wanajikuta wanacheka. Hiyo ndiyo kazi ya mtani. Anayetaka kubembelezwa akatafute kwingine.

Mume wangu Mfaume ni kinyume changu kabisa. Ni fundi seremala, karakana yake iko mbele ya nyumba yetu, na mimi nachoma vitumbua pale pale mlangoni, kwa hiyo kutwa nzima nanusa mninga na mafuta ya moto. Anazungumza na mbao zaidi kuliko anavyozungumza na mimi. Lakini adabu anayo ya kugawia wilaya nzima. Akiona mtu anakuja na mzigo, hata yule jirani aliyemsengenya asubuhi, randa inawekwa chini na mikono inatangulia mbele: "Lete nikupokee." Haulizi umebeba nini wala umetoka nacho wapi. Kwao mgeni haulizwi mzigo wake. Anapokewa, anapewa kiti, anapewa maji, basi.

Tulijaliwa mtoto mmoja, Najiat. Aliondoka na homa akiwa bado anasema "titumbua". Mfaume alizikata mwenyewe zile mbao fupi za kaburini, akazipiga randa kama za kabati la bibi harusi, ingawa zilikuwa zinaenda kufukiwa. Mimi nililia mpaka majirani wakachoka kunishika. Yeye alirudi karakana. Tangu siku hiyo sikuwahi kulisikia jina la mtoto likitoka kinywani mwake, na mimi mwenye mdomo wa kumuuliza kila mtu kila kitu, hilo sikumuuliza. Niliona nitamtonesha.

Sasa nije kwenye mawe.

Mwisho wa mji wetu, pale barabara ya kwenda Tabora inapoikata njia ya zamani ya misafara, palikuwa na rundo kubwa la mawe. Panaitwa Kwa Mpagazi. Walisema ni mpagazi alifia hapo, wa msafara gani hakuna ajuaye. Kila anayepita anaokota jiwe, analiweka juu ya mengine, anasema, "Pumzika, mpagazi," halafu anaendelea na safari yake. Mkristo anaweka, Mwislamu anaweka, wa bodaboda anasimama, anaweka, anawasha tena. Hata mimi siku ya kuletwa bibi harusi niliteremshwa kwenye gari niweke langu. Nililiweka, nikamwambia mpagazi ana bahati amekufa kabla ya kuonja mapishi yangu. Mashangazi wa Mfaume walicheka mpaka wakashikana mabega.

Mwaka jana kiangazi, Anton, mwenyekiti wetu wa kitongoji, akaona mawe yale yanafaa kupondwa kokoto za choo cha soko. Anton si mtu mbaya. Ni mtu anayependa kuzindua vitu. Wazee wakanung'unika, yeye akasema maendeleo hayasubiri, na mimi nikamwambia choo chenyewe hakisubiri, mtu akibanwa. Watu wakacheka, lori likaja, mawe yakapakiwa yote. Chini yake hapakuwa na mifupa wala pembe. Palikuwa na shimo tu, na udongo wake ulikuwa wa baridi ingawa jua lilikuwa utosini. Dereva alilalamika kwamba gari limekuwa zito kabla halijajaa. Anton akamwambia aache uvivu.

Wa kwanza alikuwa Levina, mke wa katekista Revocatus. Alikuwa ameketi kizingitini alasiri anapepeta mchele. Akamwona mwanaume anakuja kwa njia ya zamani, miguu mitupu, vumbi mpaka magotini, na begani ana kitu kikubwa kilichomziba uso. Mwanaume akasema, "Nipokee." Levina akaweka ungo chini, akainuka, kama wewe ungeinuka. Akanyoosha mikono. Mtu hakuwepo tena, ila uzito ukabaki.

Alitusimulia mwenyewe akiwa kitandani. Bega lake la kulia lilikuwa limebonyea kama mto uliolaliwa usiku kucha. Zahanati walisema presha, wakampa vidonge. Levina akaendelea kupinda, kila siku kidogo zaidi, mpaka akawa haoni uso wa mtu, anaona vidole vya miguu yake tu. Yule ndiye aliyekuwa anaongoza sauti ya kwanza kwenye kwaya. Alikufa ameketi, kwa sababu kulala kulishindikana. Tulipomwinua kumlaza kwenye jeneza, alikuwa mwepesi kama mtoto. Jioni ile ile, wakati watu wanarudi kutoka makaburini, sauti ikasikika tena barabarani: "Nipokeeni."

Akafuata Justus, fundi baiskeli. Huyu tulimwona kwa macho yetu, mbele ya soko, ananyoosha mikono kwenye hewa tupu na magoti yanamkunjika. Alipozidiwa alimwambia ndugu yake Festo, "Nipokee, ndugu yangu, hata kwa dakika moja." Festo alikimbia, na nasikia alisimama Urambo. Justus naye tukamzika.

Hapo mji ukajifunza. Lakini jamani, ulijifunza nini! Watu waliacha kupokea. Basi la Igunga likisimama, abiria wanashuka na mabegi na magunia, na hakuna mtu anayenyanyuka kwenye kiti. Mama anaona binti yake wa kumzaa anarudi kutoka shule ya bweni na sanduku kichwani, anamwambia kwa dirishani, "Tua kwanza hapo chini, mwanangu, halafu uingie." Mtu akisema hodi anajibiwa na komeo. Watoto wakafundishwa kuficha mikono kwapani wakimwona mgeni. Mimi nilisema mji umekuwa mchoyo kuliko mbuzi wa Anton, lakini utani wangu haukumchekesha mtu, na kusema kweli haukunichekesha hata mimi.

Kisha ikawa siku ya Recheli. Ni binti mdogo, mke wa dereva wa trekta, na alikuwa na mimba kubwa. Alitoka bombani na ndoo ya maji kichwani, akashikwa na kizunguzungu njiani. Ndoo ile iliyojaa hujitui mwenyewe, lazima mtu akusaidie. Akasimama mlango wa kwanza. "Nitueni, jamani." Kimya. Akaenda wa pili, kimya, na ndani anasikia watu wanapumua. Mfaume alikuwa anaendesha msumeno, hakusikia, na mimi nilikuwa nimekwenda gengeni. Alipouzima msumeno akasikia kishindo. Alitoka akamkuta Recheli ameanguka kwenye matope ya maji yake mwenyewe. Mtoto hakupona.

Jioni ile Mfaume hakula. Alikaa kwenye benchi lake la kazi akiangalia mikono yake. Mwisho akasema, "Tunu, mlangoni kwangu mtu hatasema nipokee akakosa wa kumpokea."

Nikamwambia, "Ukimpokea yule?"

"Na kama ni Recheli?"

Nilimtukana sana. Nilimwita kila jina ninalolijua na mengine niliyatunga. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa, halafu akaomba maji ya kunywa. Nilimpa, na nikampenda kwa hasira, kama ninavyompenda siku zote.

Haikupita wiki. Ilikuwa alasiri, mimi niko kwenye karai la mafuta, mgongo kwake. Nikasikia ile sauti, kavu, ya mtu mwenye kiu: "Nipokee." Nikageuka. Mfaume alikuwa ameshaweka randa chini. Alinitazama, sura ya mtu anayejua kabisa anachokifanya, na akanyoosha mikono. Nikamwona anazama. Benchi alilojishikiza lililia.

"Angeweza kuwa mtu," akaniambia, jasho linamtiririka.

Nilimkanda maji ya moto, nikamkanda mafuta ya mawese. Nilimleta Maalim Mabruki wa msikitini akamsomea, na Revocatus, na ufiwa wake ule, akaja kumwombea bila kuitwa. Hakuna kilichopungua. Kitanda chetu cha mninga, alichokitengeneza mwenyewe tulipooana na kujisifu kwamba kitawalaza wajukuu, kilipasuka katikati mara tu alipokikalia. Akawa analala ameegemea ukuta, na mimi naegemea naye. Kila asubuhi uso wake ulikuwa umekaribia magoti zaidi ya jana. Nilikuwa namnywesha chai kwa kijiko, kwa kuinama chini na kumtazama kutoka chini, na alikuwa akiona haya.

"Nipe mimi," nikamwambia. "Sema tu nipokee. Nitaubeba nusu ya siku, wewe unyooke."

"Hapana."

"Mfaume, mimi nina mabega mapana. Umewahi kuyaona?"

"Nimeyaona," akasema, na kwa mara ya kwanza siku nyingi akatabasamu. "Hapana."

Alikuwa akiuma meno ili neno lile lisimtoke hata usingizini. Nilimwona. Alikuwa anajifunga taya kwa kitambaa, kama maiti anavyofungwa, ili asije akaniita katika ndoto na mimi nikapokea. Siku nilipokiona kile kitambaa nilitoka nje, nikakaa kwenye vumbi la mbao, nikalia kwa sauti. Nilikuwa na mume mmoja na hakuna mwingine nimtakaye, mkimya wangu huyu, na alikuwa anaondoka mbele ya macho yangu kwa sababu ya adabu.

Na nikiwa hapo chini nalia, nikakasirika. Mimi nikilia sana mwisho wake huwa ni hasira, hata mama yangu alikuwa akisema. Nikawaza: Levina alipokea, hakuuliza. Justus alipokea, hakuuliza. Mfaume amepokea, na hata akifa leo hatajua alikuwa amebeba nini. Wanyamwezi na ustaarabu wao! Kitu kinawaua na wanaona aibu kukiuliza jina. Na huyo mpagazi mwenyewe ni nani, kama si Mnyamwezi? Kama ni Mnyamwezi, ni mtani wangu. Na mtani haombi ruhusa, wala mtani hapokei mzigo. Mtani ananyakua, anafungua, anachungulia, anauliza umeiba wapi.

Nikajifuta kamasi, nikaingia ndani na mwiko mkononi.

Mfaume alikuwa ameketi ukutani, uso magotini. Sikuzungumza naye. Nilizunguka pembeni, nikasimama mbele ya lile bega lililobonyea, nikaligonga kwa mwiko.

"Wewe," nikasema. "Mwizi wa kuku. Mnyamwezi usiye na haya. Umepita kwetu Uzaramo umekula mihogo yetu, hukulipa, sasa umekuja kumkalia mume wangu. Umebeba nini humo? Umeiba mwiko wa bibi yangu? Hebu nione."

Mfaume akashtuka. "Tunu, usi—"

"Sisemi na wewe. Nasema na mtani wangu. Umebeba nini, mpagazi?"

Chumba kikapoa. Mafuta yangu kule mlangoni yakaacha kuchemka. Lakini nilishaanza, na mtani akianza hakatizi.

"Ni pembe? Pembe siku hizi utafungwa. Ni chumvi? Imeshaloa. Sema, umebeba nini?"

Mdomo wa Mfaume ukafunguka. Sauti iliyotoka haikuwa yake. Na ilitoka kwa Kinyamwezi, Kinyamwezi kizito cha watu wa kale, wakati mume wangu ni mtoto wa mjini Tabora ambaye zaidi ya kuamkia "mwangaluka" hajui kitu. Mimi mgeni ndiye ninayekielewa, kwa kutukanana nacho sokoni.

Ilisema, "Mke wangu."

Nikakaa chini.

Akasema mengine, taratibu, kama mtu anayetua vitu kimoja kimoja. Walikuwa wanarudi kutoka pwani, yeye na mkewe, kwa sababu wanawake nao walisafiri na misafara wakibeba vyungu na watoto. Mke akashikwa na ndui. Msafara ukawaacha. Akatupa mzigo wa tajiri, akambeba mke, akatembea naye mpaka hapa, kwa sababu hapa palikuwa na mji. Alisimama nje ya boma akasema, "Nipokeeni." Watu walitoka. Waliona vipele. Wakaokota mawe, wakawarushia ili wasisogee. Mke alifia begani kwake, na yeye akasimama vile vile akiwa amembeba, mpaka naye akaanguka. Na mawe yakaendelea kuja.

Lile rundo. Nilifikiria jiwe langu la ubibi harusi. Sisi wote tuliokuja baadaye tulikuwa tunaweka kwa upole, tunasema pumzika, bila kujua ya kwanza yaliwekwaje.

Nikauliza, na sasa sikuwa nagonga na mwiko, nilikuwa nimeuweka chini, "Anaitwa nani mkeo?"

Nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Nyamizi."

"Nyamizi," nikasema. "Basi subiri hapo hapo, mtani. Nakwenda kuwaita watu wa mji huu waje wamzike shemeji yangu."

Nilitoka kichwa wazi, nikapita nyumba moja baada ya nyingine nikigonga milango kwa ngumi. Niliwaambia yote. Wengine walilia kabla sijamaliza. Maalim Mabruki akasema, kwa upole, kwamba hapana maiti, sasa atasali juu ya nini. Revocatus akasema hajui walikuwa wa dini gani. Nikawaambia enzi zile hakuwa wa Maalim wala wa Revocatus, alikuwa mtu mwenye mke mgonjwa, kila mmoja amwombee kwa anavyojua na Mungu atachambua mwenyewe. Revocatus akasema, "Levina alimpokea. Na mimi nitampokea." Akavaa viatu.

Anton alikuja wa mwisho, mikono nyuma. Nilikuwa nimemwandalia matusi ya wiki nzima. Akasema, "Mama Najiat, wa kwanza kubeba niwe mimi." Matusi yakanipotea. Hakuna aliyekuwa ameniita hivyo tangu zamani.

Tukazing'oa chaga za kile kitanda chetu kilichopasuka, tukazifunga kwa kamba zikawa machela. Juu yake nikatandika kanga zangu za harusi, doti nzima. Halafu nikamwambia Mfaume, "Sasa sema. Si kwangu, kwa wote."

Alinitazama kutoka kule chini. Akafungua lile taya alilolifunga siku zote zile. "Nipokeeni," akasema.

Tukanyoosha mikono. Watu wote, waliojazana chumbani na waliokuwa nje wakipitisha mikono madirishani. Uzito ulipotua mikononi mwetu nilisikia watu wanaguna kwa pamoja, na kanga zikabonyea pale katikati, umbo la mtu aliyejikunja. Ulikuwa mzito, nisikudanganye. Lakini ulikuwa uzito wa mtu.

Tulimpeleka kama jeneza linavyopelekwa, mabega yakipokezana. Anton mbele, kisha mwingine akaingia, kisha mwingine. "Nipokee." "Lete." "Nipokee." Neno ambalo mji ulikuwa umelifungia milango sasa lilikuwa linasemwa barabara nzima, kwa sauti, na kila lilipojibiwa machela ilizidi kuwa nyepesi. Recheli alitoka kwao kwa shida, ameshikwa na mama yake. Watu waliokuwa wamemfungia milango wakainamisha nyuso. Akaomba naye aguse. Akaweka kiganja juu ya kanga, akatembea hivyo mpaka mwisho.

Pale Kwa Mpagazi shimo lilikuwa wazi. Mimi nikafanya kazi yangu. Niliingia shimoni kabla ya machela, nikajilaza.

"Sitoki!" nikapiga kelele. "Mimi mtani nimefiwa na shemeji. Sitoki mpaka nipewe changu."

Udongo ulikuwa baridi ile ile. Juu nikaona duara la nyuso, na hakuna aliyejua kama acheke. Nikaanza kumwigiza mpagazi anavyotembea, nimelala chali, naguna, nachechemea hewani kwa miguu yangu minene. "Ooh, Nyamizi wangu, mbona umenenepa hivi, pwani ulikula nini!" Mtu mmoja akafyatuka kicheko. Mwingine akafuata. Kisha mji wote ukacheka na kulia, wale waliowazika Levina na Justus kimya kimya kwa hofu, wakawa wanaicheka misiba yao yote kwa mpigo.

"Unataka nini, mtani?" Maalim akauliza, kama desturi inavyotaka.

Nilikuwa nimejiandaa kusema mzaha. Haukutoka. Nikasema, "Nataka mume wangu."

Watu wakapisha. Mfaume alikuwa amekuja taratibu kwa miguu yake, nyuma ya wote. Alisimama ukingoni. Bado alikuwa amepinda kidogo, lakini nilimwona uso, uso wake mzima, na mbingu nyuma yake. Akainama, akanyoosha mikono yote miwili.

"Njoo nikupokee," akasema.

Akanitoa. Na ubonge wangu wote huu, akanitoa.

Tukamteremsha Nyamizi, kanga zikiwa bado zimebonyea. Kila mmoja akatupa udongo kwa mkono. Kanga zilipofunikwa, tukasikia upande wa njia ya zamani kishindo kidogo, kama cha mtu anayeketi chini baada ya safari ndefu, na pumzi moja ikitoka. Kisha upepo wa kawaida. Watu wakatawanyika kutafuta mawe, wakayaleta wakiyashika kwa mikono miwili, wakayaweka polepole, mmoja mmoja.

Mpagazi hakurudi tena. Igangwe tunapokea kama zamani, ila tumebadilisha kitu kimoja, na wageni wanatuona hatuna adabu. Ukija kwetu na mzigo tutakimbia kukupokea, lakini kwanza tutakuuliza umebeba nini. Recheli ndiye anayeuliza kwa sauti kuliko wote.

Bega la Mfaume halikunyooka sawasawa. Limebaki chini kidogo upande wa kulia, na fundi nguo anajua. Mwezi uliofuata alikuwa anatengeneza kitanda kipya, mimi niko mlangoni na karai langu, na jua la alasiri limeingia mpaka kwenye benchi lake. Alikuwa anapiga randa ubao mfupi wa kichwani mwa kitanda. Akasimama. Akaupapasa ule ubao kwa kiganja, akaendelea kuupapasa, na uso wake ukaniambia hakuwa hapo.

Nikaepua kitumbua cha mwisho, nikafuta mikono, nikaenda kusimama mbele yake. Nilikuwa naogopa kuliko siku ya mpagazi.

"Mfaume," nikasema. "Umebeba nini?"

Midomo yake ilijaribu, ikashindwa, ikajaribu tena.

"Najiat," akasema.

Nikanyoosha mikono.